Ripoti ya makontena inaruka mistari tangu tuhamie seva mpya: tatizo ni fildi au ni chanzo cha data?

#1 Mwana_Kisauni

Assalaam aleikum wakuu, hamjambo nyote.

Ofisi yetu ni ya klaring na fowadingi, yaani kutoa mizigo ya wateja bandarini na kuisafirisha, hapa mjini Mombasa karibu na Moi Avenue. Miaka yote hifadhidata yetu ilikuwa MySQL kwenye kompyuta moja ya ofisini. Mwezi uliopita ikahamishiwa PostgreSQL kwenye seva ya kukodi nje ya nchi. Skrini za mfumo wanazotumia makarani ziko sawa. Ripoti ndizo zinatutesa.

Kubwa ni ripoti ya Crystal Reports, programu ya kutengeneza ripoti, inayotoka kila Jumatatu: makontena yote yaliyoshushwa wiki iliyopita, mteja, meli, tarehe ya kushushwa, uzito, na kama kontena limetoka bandarini au bado. Tangu tuhame, inaonyesha makontena machache kuliko skrini ya mfumo. Wiki hii pengo ni makontena 23. Hakuna ujumbe wa kosa. Inafunguka, inachapa, mistari mingine tu haimo.

La pili: kuna fildi, yaani safu ya data, ya maelezo ya mzigo ambayo tulikuwa tukipanga makundi kwayo. Kwenye orodha ya fildi ipo, lakini ukitaka kuifanya kundi haimo.

Nani amepitia haya? Wateja wetu wengine wako Kampala, wao hawana njia ya kuja kuangalia yadi. Wanategemea karatasi hii. Kontena lisipokuwa kwenye ripoti, kwao ni kama limepotea.

#2 Binti_Tudor

Wa aleikum salaam. Anzia kwenye viungo vya majedwali. Crystal ukiiachia yenyewe huunganisha kwa INNER JOIN, maana yake mstari usio na mwenza upande wa pili unaachwa nje kimya kimya. Kontena ambalo halijatoka bandarini halina mstari kwenye jedwali la kutolea mzigo, basi linaanguka. Kiungo hicho kinatakiwa kiwe LEFT OUTER, yaani cha kushoto, kinachobakiza mistari yote ya jedwali la kwanza hata isiyo na mwenza.

#3 Kijana_Changamwe

Naweka kambi hapa. Yadi yetu ina ripoti zenye ugonjwa huo huo.

#4 Mwana_Kisauni

Shukran @Binti_Tudor. Nimetazama. Kiungo cha jedwali la kutolea mzigo ni cha kushoto tangu zamani. Hakuna aliyegusa viungo, na kabla ya kuhama hesabu ilikuwa ikilingana na skrini kila wiki.

#5 Binti_Tudor

Sawa, lakini kiungo cha kushoto peke yake hakitoshi. Angalia sharti la kuchagua mistari. Ukiwa na LEFT JOIN kisha ukaweka sharti juu ya fildi ya jedwali la kulia, kwa mfano "hali ya kutolewa si 'imefutwa'", makontena yasiyo na mstari kule hayana hali yoyote. Sharti juu ya kitu kisicho na thamani halitoi kweli wala uongo, kwa hiyo mstari unatupwa. Kiungo kinabaki cha kushoto kwenye picha, kazini ni cha ndani.

#6 Fundi_Mvita

Salaam. Mimi naanza na swali la pili kwa sababu jibu lake lina uhakika, halafu turudi kwenye pengo.

Unatumia draiva ya psqlODBC, ile inayounganisha Crystal na PostgreSQL, sivyo? Ina mipangilio ambayo watu wengi hawaifungui kabisa. Mmoja unaitwa "Text as LongVarChar", nao umewashwa tangu kiwandani. Maana yake kila safu ya aina ya text kule PostgreSQL inatambulishwa kwa programu ya ripoti kama maandishi marefu. Crystal ikipokea fildi ya aina hiyo inaiita Memo, na Memo haipangwi kuwa kundi. Kwenye MySQL fildi yako bila shaka ilikuwa varchar (maandishi yenye kikomo cha urefu), aliyehamisha data akaifanya text kwa sababu kwa watu wa PostgreSQL hiyo ni kawaida na haina hasara yoyote. Kwa hifadhidata hakuna kilichobadilika. Kwa ripoti, fildi yenye jina lile lile imekuwa kitu kingine.

Wa pili unaitwa "Bools as Char", nao pia umewashwa. Fildi za ndiyo/hapana zinakuja kama herufi. Kwenye MySQL fildi yako ya "imetoka" ilikuwa tinyint(1), yaani namba 0 na 1. Vyombo vya kuhamisha data kama pgloader huigeuza tinyint(1) kuwa boolean visipoambiwa vingine. Kwa hiyo namba imekuwa ndiyo/hapana, kisha draiva ikaifanya herufi. Fomula iliyokuwa ikisema "imetoka = 0" lazima mtu aliiandika upya baada ya kuhama, la sivyo Crystal ingelalamika. Nani aliiandika, na aliandika nini? Hapo pana uwezekano wa pengo lako.

Ninachotaka watu washike ni hiki: fildi ndani ya ripoti ni jina, aina na chanzo kwa pamoja. Mnapohama mnaangalia jina tu. Jina ndilo halibadiliki, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

#7 Mwana_Kisauni

@Fundi_Mvita umenena. Nimezima "Text as LongVarChar", nikafanya "Verify Database" (Crystal isome upya muundo wa hifadhidata), fildi ya maelezo imerudi kwenye orodha ya makundi. Fomula ya "imetoka" iliandikwa upya na kijana aliyetusaidia kuhama. Nitamuuliza.

#8 Binti_Tudor

Tahadhari hapo. Ukizima mpangilio huo, draiva inahesabu maandishi kwa urefu wa varchar iliyowekewa, na kiwango chake cha awali ni herufi 255. Maelezo ya mzigo marefu kuliko hapo yaweza kukatwa. Kama unayatumia kupanga makundi tu, haidhuru. Kama yanachapwa kwa mteja, afadhali aina ya safu irekebishwe ndani ya hifadhidata.

#9 Mzee_Shimanzi

Wanangu, hamjambo. Nyote mnatazama fildi, hakuna aliyetazama saa.

Seva ya zamani ilikuwa hapa Mombasa, saa yake ni ya hapa. Seva mpya iko nje, na seva za kukodi nyingi zimewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko saa 3 mbele. Karani wa zamu ya usiku akiandika kontena limeshushwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, kule seva inaandika bado ni Jumapili usiku. Kila kitu kinachotokea kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinaangukia siku ya nyuma. Bandari ya Kilindini hailali, meli hushushwa usiku na mchana, kwa hiyo makontena ya saa hizo si haba.

Skrini ya mfumo huenda inarekebisha saa kabla ya kuonyesha. Ripoti inasoma mbichi. Ndiyo maana hazilingani.

#10 Kijana_Changamwe

Mzee shikamoo. Hoja ni nzuri lakini hesabu inanikataa. Ripoti ni ya wiki. Makontena ya usiku wa katikati ya wiki yakirudi siku moja nyuma bado yako ndani ya wiki ile ile. Yanayotoka nje ni ya usiku wa mwanzo wa wiki tu, na ya mwisho wa wiki yanaingia badala yake. Pengo lingekuwa mara juu mara chini. Mwana_Kisauni anasema kila mara ripoti ndiyo pungufu.

#11 Mzee_Shimanzi

Marahaba mwanangu. Ni kweli kama zamu zinalingana. Meli ikishushwa usiku mmoja tu, pengo linaegemea upande mmoja. Sijaondoa hoja yangu. Waulize saa ya seva.

#12 Nahodha_wa_Data

Mimi naona mnakimbia mbali. Hakikisheni ripoti inasoma hifadhidata mnayodhani inasoma.

Kwenye Windows kuna mahali pawili pa kuweka DSN ya ODBC (jina la muunganisho linaloiambia programu hifadhidata iko wapi), pa biti 32 na pa biti 64, na DSN za mfumo za huku hazionekani kule. Unaweza kuwa na "BANDARI" mbili zenye jina sawa, moja inaelekea data ya majaribio na nyingine data halisi. Crystal ya biti 32 inashika ile ya 32. Kisanifu cha Crystal kilikuwa biti 32 hadi toleo la 2016, la 2020 likaja biti 64. Kwa hiyo aliyesanifu ripoti kwa toleo jipya anaona data moja, mhasibu mwenye toleo la zamani anaona nyingine, na faili ni ile ile.

Fungua C:\Windows\System32\odbcad32.exe uone za biti 32, na ya SysWOW64 uone za biti 64.

#13 Fundi_Mvita

Hoja yako @Nahodha_wa_Data naiunga mkono, ila umezigeuza. Ya ndani ya System32 ndiyo ya biti 64. Ya ndani ya SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Majina yanadanganya kweli kweli, na faili zote mbili zinaitwa odbcad32. Wenye Windows mpya watafute tu "ODBC" kwenye menyu, zimeandikwa wazi ipi ni ipi.

#14 Nahodha_wa_Data

Ahsante kwa kunyoosha. Waliosoma #12 wafuate #13.

#15 Binti_Tudor

Na juu ya hilo la Nahodha: "Set Datasource Location", dirisha la kubadilisha chanzo cha data, haigusi ripoti ndogo zilizo ndani ya ripoti kubwa mpaka uziguse zenyewe. Ukifungua dirisha lile, ripoti ndogo zina tawi lao chini. Ukibadilisha juu tu, ripoti kubwa inasoma seva mpya na ndogo inaendelea kusoma ya zamani, mradi ile kompyuta bado inawaka. Siku itakapozimwa ndipo mtasikia kelele.

Tazama pia kama "Save Data with Report" imewashwa. Ikiwa imewashwa, unaweza kuwa unatazama mistari ya zamani iliyohifadhiwa ndani ya faili, wala hifadhidata haijaulizwa.

#16 Shangazi_Majengo

Hamjambo wanangu. Sababu zimefika nyingi na kila moja ina mashiko. Bila kuzipima tutakesha. Mwana_Kisauni, fanya hivi.

Kwenye Crystal fungua menyu ya Database, "Show SQL Query", yaani swali ambalo ripoti inaiuliza hifadhidata. Nakili yote. Nenda kwenye pgAdmin, programu ya kusimamia PostgreSQL, uibandike, uiendeshe. Ikitoa mistari michache sawa na ripoti, kosa liko ndani ya SQL, yaani viungo na masharti. Ikitoa mistari mingi kuliko ripoti, ujue Crystal inapunguza yenyewe baada ya kupokea data, kwa fomula ambayo haikuweza kuigeuza kuwa SQL au kwa kuficha sehemu. Hapo umegawa tatizo mara mbili.

Kisha ondoa jedwali moja moja. Anza na jedwali la makontena peke yake kwa tarehe zile zile, hesabu. Ongeza wateja, hesabu. Ongeza meli, hesabu. Jedwali litakaloshusha hesabu ndilo la kuulizwa. Likipandisha pia usifurahi: mteja mwenye anwani mbili anafanya kontena moja lionekane mara mbili na uzito uhesabiwe mara mbili. Pengo la 23 laweza kuwa 30 yamepotea na 7 yamerudiwa. Hesabu namba za makontena bila marudio, usihesabu mistari.

Na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, hutajua lipi limeponya.

#17 Kijana_Changamwe

Shangazi amemaliza kila kitu. Huyu akiwa ofisini hata karani wa zamu ya usiku ananyooka.

#18 Shangazi_Majengo

Karani wa zamu ya usiku mwacheni, kazi yake ni ngumu. Kosa haliko kwake mpaka lipimwe.

#19 Mwana_Kisauni

Nimefanya alivyosema Shangazi. SQL ikiendeshwa pgAdmin inatoa pungufu sawa na ripoti, kwa hiyo Crystal haina neno. Makontena peke yake yanalingana na skrini. Nikiongeza sharti la tarehe ya kushushwa kama lilivyo kwenye ripoti, baadhi yanaanguka. Nikiunganisha na jedwali la kupima uzito, mengine yanaanguka. Wateja na meli hawapunguzi kitu. Hakuna marudio.

Kwa hiyo ni mahali pawili, si pamoja.

#20 Fundi_Mvita

Hapo kwenye tarehe napajua. MySQL za zamani huruhusu tarehe ya sifuri, 0000-00-00, na mifumo mingi iliitumia kumaanisha "bado haijajulikana". PostgreSQL haikubali tarehe hiyo kabisa. pgloader inapohamisha, inazigeuza kuwa NULL, yaani pasipo thamani yoyote.

Sasa fikiria sharti la ripoti. Kama aliyeiandika aliweka "tarehe ya kushushwa ni ndogo kuliko au sawa na Jumapili", kontena lenye tarehe ya sifuri lilikuwa linapita, kwa sababu sifuri ni ndogo kuliko kila siku. Leo lina NULL, na NULL si ndogo wala kubwa kuliko chochote. Limeanguka. Skrini ya mfumo pengine ina tawi lake la "au haina tarehe".

Naamini hiyo ndiyo nusu ya pengo lako.

#21 Mzee_Shimanzi

Mwanangu Fundi, kama sharti lilikuwa na mwanzo wa wiki na mwisho wa wiki, tarehe ya sifuri haikupita hata zamani. Ni ndogo kuliko Jumatatu ya mwanzo pia. Aseme sharti limeandikwaje kabla hujaamini.

#22 Mwana_Kisauni

Mzee, sharti lina mwisho tu. Mwanzo wa wiki uko kwenye tarehe ya meli kufika, fildi nyingine.

#23 Mzee_Shimanzi

Basi Fundi ana haki yake hapo. Lakini fildi ya meli kufika ina saa ndani yake? Nyinyi hamjaniambia saa ya seva bado.

#24 Kijana_Changamwe

Upande wa jedwali la uzito, sisi watu wa yadi tuna la kusema. Unaunganisha kwa namba ya kontena?

Namba ya kontena kwa kiwango cha ISO 6346 ni herufi 4 na tarakimu 7, jumla 11. Chukua CSQU3054383: CSQ ni mwenye kontena, U inaonyesha ni kontena la mizigo, 305438 ni namba yake ya mfululizo, na 3 ya mwisho ni tarakimu ya kukagua inayopatikana kwa kupigia hesabu zote zilizotangulia. Mfumo mmoja ukihifadhi zote 11 na mwingine ukahifadhi 10 bila ile ya kukagua, kiungo hakikutani hata siku moja. Nimeona pia watu wanaoandika nafasi kati ya herufi na tarakimu, na wanaoweka kistari kabla ya ile ya mwisho kwa sababu mlangoni pa kontena tarakimu hiyo huchorwa ndani ya kisanduku.

#25 Binti_Tudor

Ila kama ni hivyo @Kijana_Changamwe, lisingekutana hata kwenye MySQL. Tunatafuta kilichobadilika.

Kilichobadilika ni herufi kubwa na ndogo. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haizitofautishi: "csqu3054383" na "CSQU3054383" kwake ni kitu kimoja. PostgreSQL inazitofautisha. Karani mmoja akiandika kwa herufi ndogo kwenye mizani na mwingine kwa kubwa kwenye hati, zamani walikutana, sasa hawakutani. Nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno ni hivyo hivyo: matoleo ya zamani ya MySQL yaliipuuza katika kulinganisha, varchar ya PostgreSQL inaihesabu.

Na kiungo cha uzito ni INNER, au sivyo? Maana cha kushoto kisingeangusha kontena, kingeacha uzito mtupu tu.

#26 Mwana_Kisauni

Ni INNER @Binti_Tudor. Na kweli, nimepata namba za herufi ndogo kwenye jedwali la uzito. Si zote zilizopotea, lakini zipo.

#27 Pwani_Jasper

Hodi humu. Mnajitesa na faili za .rpt ambazo huwezi hata kuzisoma. Hamieni JasperReports, programu nyingine ya ripoti. Ripoti yake, .jrxml, ni maandishi ya XML. Fildi zote zimetajwa juu, kila moja na jina lake na aina yake ya Java. Ukibadilisha chanzo, unalinganisha faili la jana na la leo ukaona mstari uliobadilika. Ukitaja fildi ambayo swali lako halileti, inakataa papo hapo na kukuambia safu hiyo haijulikani.  Haiangushi mistari kimya.

#28 Fundi_Mvita

@Pwani_Jasper hilo la kukataa mapema ni zuri na nalipenda. Lakini kwa tatizo la uzi huu lisingesaidia. Aina ya namba ya kontena ni String huku na huku, jina ni lile lile, na kiungo kinafanyika ndani ya hifadhidata. Jasper ingechapa pungufu vile vile na isingesema neno.

#29 Nahodha_wa_Data

Crystal tangu iwe ya SAP ilishakuwa hivyo, imebuniwa na watu wa SAP kwa ajili ya mifumo yao mikubwa, sisi wadogo tunajibana tu.

#30 Binti_Tudor

Hapana Nahodha, SAP haikuibuni. Ilitoka kwa kampuni ndogo ya Vancouver, Kanada. Seagate wakainunua mwaka 1994, Business Objects wakaichukua 2003, SAP wakatangaza kuinunua Business Objects 2007. Kwa miaka mingi ilikuja pamoja na Visual Basic, ndiyo maana ofisi ndogo ndogo huku kwetu zimejaa .rpt. Wadogo ndio walioitangulia.

#31 Pwani_Jasper

Mimi sina ugomvi na Crystal. Ugomvi wangu ni na kuunganisha ripoti moja kwa moja kwenye majedwali. Tengenezeni vyuu, yaani swali lililohifadhiwa ndani ya hifadhidata likaonekana kwa ripoti kama jedwali moja. Humo ndani weka upper(), ya kugeuza kuwa herufi kubwa, kwenye namba za kontena, geuza saa iwe ya Nairobi, amua NULL ni nini, amua aina ya kila fildi. Ripoti zote zisome hapo. Mkihama tena, mnarekebisha mahali pamoja, ripoti hazijui hata kama mmehama.

#32 Nahodha_wa_Data

Hapo nakubaliana nawe.

#33 Shangazi_Majengo

Mimi sikubali moja kwa moja. Nimefanya kazi mahali penye vyuu juu ya vyuu juu ya vyuu, na fildi "tarehe" ikawa na maana tatu kulingana na umeshika ghorofa gani. Anayesoma ripoti hawezi kuona kilichokatwa chini. Kwenye Crystal angalau sharti liko mbele ya macho yako, mhasibu analiona na kuuliza. Ukilificha ndani ya vyuu, atakayeuliza ni yule tu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata, na kwa ofisi nyingi ni mtu mmoja ambaye kesho yuko Dubai.

Kusafisha data nakubali kufanyike chini: herufi, saa, aina. Kuamua kontena gani liingie na lipi litoke, hilo libaki kwenye ripoti.

#34 Pwani_Jasper

Shangazi heshima yako. Lakini sharti lililo mbele ya macho limekaa pale muda wote huu na makontena 23 yakapotea.

#35 Shangazi_Majengo

Na lilionekana jioni ile ile mtu alipolitazama, mwanangu.

#36 Dada_Kongowea

Mimi si mtu wa bandari, niko kwenye duka la jumla, ila nina swali la karibu. Ripoti yetu inasoma bei kutoka Excel. Safu ya namba za ankara nyingine ni tarakimu tupu, nyingine zina herufi mbele. Zenye herufi zinatoka tupu. Ni jambo moja na hili?

#37 Fundi_Mvita

@Dada_Kongowea ni ndugu yake. Draiva ya Excel haina mahali pa kusoma aina ya safu, kwa hiyo inakisia kwa kutazama mistari 8 ya mwanzo. Ikiona nyingi ni tarakimu, inaamua safu ni namba, na kila chenye herufi kinakuwa NULL. Weka IMEX=1 kwenye maelezo ya muunganisho, safu iliyochanganyika isomwe kama maandishi. Lakini hata hivyo kama 8 za mwanzo zote ni tarakimu haisaidii. Njia rahisi ni mstari wa mwanzo uwe na herufi kila safari.

#38 Dada_Kongowea

Imekubali. Mungu akuweke. Ukipita Kongowea viazi karai viko juu yangu.

#39 Kijana_Changamwe

Na sisi tuliochangia uzi tangu #3 je?

#40 Dada_Kongowea

Wewe uliweka kambi tu 😀 Njoo na ukwaju wako.

#41 Binti_Tudor

Nataka niseme jambo ambalo halikuulizwa. Mwana_Kisauni, ripoti yako inatumwa kwa wateja. Imebeba fildi gani nyingine? Nimeona ripoti za klaring zenye PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), namba ya kitambulisho na simu ya mwenye mzigo, zikitupwa kwenye kikundi cha WhatsApp chenye madereva na mawakala wote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fildi isiyohitajika kwenye ripoti itolewe kwenye swali lenyewe, isifichwe tu kwa kutoichapa, kwa sababu ukitoa ripoti kwenda Excel inaweza kwenda nayo. Na akaunti inayosoma ripoti iwe ya kusoma tu, isiwe ile ya msimamizi wa hifadhidata yote.

#42 Mwana_Kisauni

Hilo nimelichukua kwa uzito. PIN imo. Naitoa.

Sasa habari za pengo. Yule kijana aliyetusaidia kuhama alipita jana jioni. Akageuza namba zote za kontena kuwa herufi kubwa kwenye jedwali la uzito, akaongeza "au haina tarehe" kwenye sharti, na katika kutazama DSN akagundua ya biti 32 inaelekea nakala ya hifadhidata ya siku ya kuhama, akairekebisha. Yote kwa mkao mmoja. Pengo limeshuka kutoka 23 hadi 3. Saa ya seva nimeuliza: ni UTC.

#43 Mzee_Shimanzi

Nilisema.

#44 Nahodha_wa_Data

Nakala ya siku ya kuhama! Hiyo pekee inatosha kueleza kila kitu. Karatasi ya mhasibu ilikuwa inasoma data iliyoganda.

#45 Fundi_Mvita

Haitoshi @Nahodha_wa_Data. Ingekuwa inasoma nakala iliyoganda, makontena yote ya wiki hii yasingekuwemo, siyo 23. Na Mwana_Kisauni alipata pengo lile lile pgAdmin, ambayo haipitii ODBC. Tarehe na herufi ndizo zilizorudisha.

#46 Nahodha_wa_Data

Labda kisanifu kilishika ya 64 na mhasibu ya 32. Hatujui nani alichapa lipi. Shangazi alionya kuhusu kubadilisha mambo kwa pamoja.

#47 Shangazi_Majengo

Nilionya. Lakini nakala ya siku ya kuhama si bado ipo? Basi jaribio lafanyika. Rudisha data ya wiki hiyo humo, weka sharti moja, hesabu. Weka la pili, hesabu. Mwana_Kisauni, hayo 3 yaliyobaki yana nini cha kufanana?

#48 Mwana_Kisauni

Mawili ni ya meli moja, iliyofika usiku wa kuamkia Jumatatu. La tatu ni la meli nyingine ya katikati ya wiki, na lina uzito, lina tarehe, namba yake ni ya herufi kubwa.

#49 Kijana_Changamwe

Mawili ya Mzee hayo. La tatu: piga hesabu ya tarakimu ya kukagua kwenye majedwali yote mawili. Herufi O na sifuri zinafanana sana kwenye skrini.

#50 Pwani_Jasper

Au nafasi mwishoni mwa namba. Endesha length(), ya kuhesabu herufi, juu ya fildi hiyo kwenye kila jedwali. Ikitoka 12 badala ya 11, umelipata.

#51 Shangazi_Majengo

Weka SQL yote hapa, jina la mteja ulifute kwanza.